Vielezi vya Wakati Uliopita Punde katika Kiholanzi

Ajifunzaye Kiholanzi hugundua mapema kwamba kitenzi peke yake hakimwambii tendo limepita kwa muda gani. 'Hij is vertrokken' maana yake 'ameondoka'. Huenda ni dakika hii, huenda ni mwaka jana. Kazi ya kupambanua imeachiwa vielezi.

'Net', neno lenye asili ya Kifaransa, ndilo la kila siku: 'hij is net vertrokken', ametoka kuondoka sasa hivi. Laweza pia kuingia katika masimulizi: 'hij was net vertrokken toen ik kwam', yaani nilipofika ndiyo kwanza alikuwa ameondoka. 'Zojuist' lina maana ile ile, ila ni la kimaandishi zaidi. 'Daarnet' huegemea saa ya msemaji mwenyewe: 'daarnet was hij nog hier', punde hivi alikuwapo hapa. Wasemaji wengi wa Ubelgiji husema 'juist' na 'daarjuist' badala yake.

Liwapotoshalo mfasiri hasa ni 'pas'. 'Ze zijn pas getrouwd': wameoana karibuni, na ukaribu huo waweza kuwa wa majuma kadhaa. Lakini 'het is pas drie uur' ni 'ni saa tisa tu', bado mapema. Tena mtu akiandika 'ik heb je brief pas gisteren ontvangen', hasemi kwamba barua ni mpya. Asema hakuipata ila jana, na hivyo aomba radhi kwa kukawia kujibu. Mfasiri akiandika 'nimeipata barua yako karibuni, jana', udhuru wote umepotea, na mwandikiwa hatajua kwamba ameombwa radhi. Kwa maoni yangu shina la maana hizi zote ni moja: 'pas' hupima kwa tarajio la msemaji, wala si kwa saa.

'Onlangs', kwa asili 'si muda mrefu', ni la siku au majuma yaliyopita; katika mazungumzo 'laatst' hushika nafasi yake, mfano wa 'juzijuzi' yetu.

Jozi moja yastahili kuangaliwa zaidi. 'Straks' ni baadaye kidogo. 'Daarstraks' ni mapema kidogo leo hii. Hapo kielezi chenyewe huonyesha upande. Kwetu 'sasa hivi' hutazama pande zote mbili, 'nimekuja sasa hivi', 'nakuja sasa hivi', na kitenzi ndicho kiamuacho. Ajabu ni kwamba Kiafrikana, kilichozaliwa na Kiholanzi, kina 'netnou', nacho chaweza kuwa cha punde iliyopita au cha punde ijayo, kama 'sasa hivi' yetu.