Mteja akibonyeza "Tuma", oda inaenda kukaa wapi?

Mdau, fundi amekutengenezea tovuti ya duka. Anakuonyesha fomu ya oda: jina, simu, bidhaa, mahali pa kupeleka mzigo. Kitufe kikubwa, rangi safi. Kabla hujammalizia hela yake, muulize: mteja akishabonyeza "Tuma", hiyo oda inahifadhiwa wapi?

Tovuti nyingi za biashara ndogo zimejengwa kwa WordPress, na fomu inawekwa kwa plagini, yaani programu ndogo ya nyongeza. Mafundi wengi wanapenda Contact Form 7 kwa sababu ni ya bure na haina makuu. Sasa sikia: yenyewe haihifadhi kitu. Inakutumia barua pepe, basi. Barua ikiangukia kwenye spamu, mteja ameshaandikiwa kwamba ujumbe wake umetumwa, anakusubiri, na wewe huna habari. Kesho ananunua kwa mwingine, na anawaambia watu kwamba wewe hujibu.

Dawa ipo. Mtengenezaji huyohuyo ana plagini nyingine ya bure, Flamingo, inayotunza nakala ya kila ujumbe ndani ya tovuti. Au tumia Fluent Forms au Forminator, hizo zinahifadhi oda hata kwenye toleo la bure. WPForms ni rahisi sana kutumia, hilo sibishi, ila kwenye toleo lake la bure huwezi kuzisoma oda ndani ya dashibodi mpaka ulipie. Kwa muuzaji mdogo, mimi ningeanza na inayohifadhi bure.

Halafu mwambie fundi aunganishe SMTP, ili barua zitoke kwenye akaunti yako halisi. Zikitoka moja kwa moja kwenye seva, Gmail huzishuku.

Kuna jingine watu hawaulizi: leseni ya plagini ya kulipia ni ya nani? Mafundi wengine hutumia leseni moja kwa wateja wao wote. Si vibaya, lakini mkiachana au asipolipia mwaka unaofuata, masasisho yanakoma kwako. Kama unalipia, ilipiwe kwa jina lako.

Na usijaze maswali. Namba ya NIDA ya nini kwa mtu anayenunua viatu? Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022, Kenya wana ya kwao ya 2019. Usichokihitaji usikiulize.

Kama bado unauzia WhatsApp na Instagram tu, achana na plagini kwanza. Google Forms ni bure, na majibu unaweza kuyapeleka kwenye jedwali la Google Sheets.

Mwenye tovuti, leo hii chukua simu ya mtu mwingine, jaza oda ya uongo, bonyeza "Tuma". Kisha mpigie fundi akuonyeshe ilipo.