Mikono ya mwizi wa upanga

Wanaopanda kilima cha Montesiepi, kilomita 30 hivi kusini-magharibi mwa Siena huko Italia, huenda kuutazama upanga. Wanaukuta ndani ya kanisa dogo la mviringo, umezama katika mwamba. Kinachobaki nje ni kipini na kipande kifupi cha bapa, chini ya kifuniko cha plastiki ngumu kilichowekwa ili watu wasiushike. Wanapiga picha, wanatoka. Wachache huingia chumba cha pembeni, chenye michoro ya ukutani ya Ambrogio Lorenzetti ya karne ya 14. Humo mna sanduku la kioo, na ndani ya sanduku mna mikono miwili ya binadamu.

Imekauka, ngozi imegandamana na mfupa, rangi imekuwa ya kahawia. Hadithi ya pale inasema ni mikono ya mtu aliyetaka kuuiba upanga, akavamiwa na mbwa mwitu waliomla akabaki mikono tu.

Niliifikia mikono hiyo kwa njia ya panya. Nilikuwa nikisoma habari za Mfalme Arthur na upanga wake, nikitafuta ni lini hasa upanga ule uliingia kwenye jiwe, nikakutana na sentensi moja iliyopita haraka kana kwamba haina uzito: mikono ya Montesiepi ilipimwa kwa kaboni, ikaonekana ni ya karne ya 12. Tangu hapo Arthur amenitoka kichwani. Hekaya nyingi za mashujaa wa Ulaya ya kale zina upanga wenye jina, zina jitu lililouawa, zina msaliti. Ngapi zimebaki na mwili wa msaliti mwenyewe?

Aliyefanya uchunguzi huo ni Luigi Garlaschelli, aliyekuwa mkemia wa Chuo Kikuu cha Pavia, na huwezi kuielewa kazi yake kilimani pale bila kujua sifa aliyokwenda nayo. Huyu ni mtu anayeyatazama maajabu kwa jicho la fundi. Mwaka 1991, yeye na wenzake wawili walichapisha katika jarida la Nature maelezo ya jinsi damu ya Mtakatifu Januari inavyoweza kuwa inayeyuka. Damu hiyo huhifadhiwa Napoli ndani ya kichupa. Huwa imeganda, na siku za sherehe askofu huiinua mbele ya waumini, ikawa majimaji. Garlaschelli hakubishana na mtu. Alichukua kloridi ya chuma, chokaa na chumvi kidogo, vitu ambavyo fundi wa karne ya 14 angeweza kuvipata, akatengeneza ute wa rangi ya damu. Ukiuacha utulie unaganda. Ukiutikisa unalainika na kutiririka. Ukiuacha tena, unaganda tena. Hakusema kwamba ndicho kilichomo ndani ya kichupa, maana kichupa hakijafunguliwa. Alisema tu kwamba jambo lenyewe linawezekana bila muujiza.

Mwaka 2009 aliigeukia Sanda ya Torino, kitambaa ambacho waumini wengi husema ndicho alichozikiwa Yesu. Alimfunika mtu aliyejitolea kwa kitambaa, akapaka rangi, akakipasha kitambaa joto katika tanuri ili kukizeesha, akakifua, akapata taswira hafifu inayokaribia sana ile inayoheshimiwa na mamilioni. Ni mwanachama wa CICAP, jumuiya ya Waitalia wanaochunguza madai ya mambo yasiyo ya kawaida. Kwa hiyo alipofika Montesiepi, mwenye kubahatisha angeweka fedha zake upande wa kwamba upanga ule utatoka umeaibika.

Haukuaibika. Mwaka 2001 Garlaschelli alitangaza matokeo, na msimamo wake, kwa jinsi ulivyoripotiwa wakati huo, ulikuwa wa mtu anayepima kila neno. Kuupata umri wa chuma, alisema, ni kazi ngumu mno. Hata hivyo mchanganyiko wa madini ya upanga na umbo lake vinaafikiana na zama zinazotajwa na hekaya, na waliokuwa wakidai kwamba ni kitu bandia cha juzijuzi wamejibiwa.

Ugumu anaousema ni wa kweli. Mbao, mfupa, ngozi na kitambaa vilipata kaboni vilipokuwa hai, na kaboni hiyo hupungua kwa kasi inayojulikana baada ya kufa. Chuma hakikuwahi kuwa hai. Anachoweza kufanya mkemia ni kutoboa kitundu kidogo, kuchukua unga wa chuma, na kuuliza kama ndani yake mna vitu ambavyo mhunzi wa zamani asingevitia. Chuma cha viwandani cha tangu karne ya 19, kwa mfano, kwa kawaida huongezewa manganizi. Mhunzi wa zama za kati alitumia mawe yenye chuma na makaa ya miti, basi. Halafu kuna umbo: urefu wa kipini, mtindo wa kile kichuma cha kukingama kinachozuia mkono usiteleze, upana wa bapa. Panga za Ulaya zina mitindo iliyobadilika kizazi hadi kizazi, na wenye kuzijua husoma mtindo kama sisi tunavyosoma mtindo wa kanga. Upanga wa Montesiepi unasomeka kuwa wa karne ya 12.

Karne hiyohiyo ndiyo aliyoishi mwenye upanga. Galgano Guidotti alizaliwa mwaka 1148 huko Chiusdino, kijiji kinachoonekana kutoka eneo hilo, katika ukoo wa mabwana wadogo wanaomiliki farasi na silaha. Hekaya inamsema vibaya ujanani, kama inavyowasema watakatifu wengi: mkorofi, mpenda starehe, mwepesi wa kuchomoa upanga. Kisha akatokewa na Malaika Mkuu Mikaeli, ambaye naye huchorwa na upanga mkononi. Akiwa njiani kwenda kwa mchumba wake, farasi akagoma, akampeleka Montesiepi. Huko akaambiwa aache anasa na vita. Akajibu kwamba hilo lingekuwa rahisi kama kupasua jiwe kwa upanga, akaushusha upanga mwambani ili athibitishe hoja yake, nao ukazama kama kisu kwenye siagi. Wengine husimulia kwamba alikuwa hana mti wa kuchonga msalaba, akaona kipini cha upanga kimekaa kimsalaba, akauchomeka pale na kusali mbele yake. Mimi naipenda hii ya pili. Haihitaji majibizano na malaika. Inahitaji mtu mwenye kitu kimoja tu mkononi na shida moja tu.

Alibaki pale kama mkaapweke. Mwaka 1181 akafa, akiwa na miaka 33 hivi.

Mwaka 1185 Kanisa lilituma tume kuchunguza maisha yake kabla ya kumtangaza mtakatifu, na ni miongoni mwa chunguzi za mwanzo kabisa za aina hiyo zenye ushahidi ulioandikwa. Mashahidi waliapishwa, akiwamo mama yake mzazi, Dionisia. Juu ya mahali pake pakajengwa lile kanisa la mviringo, lenye kuba lililopambwa ndani kwa duara za matofali mekundu na mawe meupe zinazopishana mpaka kileleni. Bondeni, watawa wa shirika la Cîteaux wakajenga abasia kubwa katika karne ya 13. Leo abasia hiyo haina paa, nyasi zimeota palipokuwa sakafu, na watu wanaopenda filamu wanaikumbuka kutoka mwisho wa Nostalghia ya Andrei Tarkovsky.

Tarehe hizi ndizo zilizowafanya baadhi ya watu wamgeukie Arthur. Mwandishi Geoffrey wa Monmouth, aliyempa Arthur umaarufu mnamo mwaka 1136, alimvika upanga uliofuliwa kisiwani Avalon, jiwe hakulitaja. Chrétien de Troyes, miongo kadhaa baadaye, aliuning'iniza upanga Escalibor kiunoni mwa Gawain, mpwa wa mfalme. Upanga wa kuchomolewa, unaomthibitisha mfalme wa haki, unakuja na Robert de Boron mnamo mwaka 1200, ukiwa umekita kwenye fuawe lililo juu ya jiwe. Galgano alikuwa amekufa kitambo, na habari zake zilikuwa zimekwisha kuandikwa. Mtafiti wa Kiitalia Mario Moiraghi ameshikilia kwamba hapa ndipo chimbuko, kwamba hadithi ilisafiri kutoka Toscana, mkoa wenye kilima hiki, kwenda kaskazini.

Huenda. Mimi sijashawishika, kwa sababu hadithi zenyewe zimepeana mgongo. Arthur anauchomoa upanga na kuanza kutawala, na vita vinafuata mpaka siku ya kufa kwake. Galgano anauchomeka ili aache kuwa askari, na upanga unakuwa na maana kwa kadiri tu unavyokaa pale ulipo. Anayeuchomoa wa Arthur ni mfalme. Anayejaribu kuuchomoa wa Galgano ni mwizi.

Hapo tunairudia ile mikono. Simulizi iliyo kamili zaidi inasema Galgano alipokwenda Roma kuonana na Papa Alexander III, watu watatu wenye kijicho, wenye madaraka ya kidini miongoni mwao, walipanda kilima. Walivuta upanga ukakataa. Wakaishia kuuvunja. Adhabu haikuchelewa: mmoja akafa maji, mmoja akapigwa na radi, wa tatu akakamatwa mikono na mbwa mwitu. Na hapa simulizi zinagongana. Katika moja, huyu wa tatu alimlilia Galgano akaokoka. Katika ile wanayosimuliwa wageni, hakusalia kitu ila mikono. Galgano aliporudi, akaviunga vipande, upanga ukawa imara kuliko mwanzo.

Kuvunjwa kwa upanga si jambo la hekaya peke yake. Katika karne ya 20 watu waliuvuta kwa nguvu hadi ukavunjika, ikabidi ukazwe kwa saruji, na mwishowe ndipo kikaja kile kifuniko. Hao hawakuliwa na mbwa mwitu.

Garlaschelli alipeleka sampuli ya mikono kupimwa kwa kaboni-14. Nyama na mfupa vilikuwa hai, kwa hiyo hapa jibu linapatikana: karne ya 12. Kama kuna mjanja aliyeokota mikono ya maiti ya karne ya 18 ili kuwafurahisha mahujaji, kipimo kingemuumbua. Rada ya kupenya ardhi nayo ilionyesha nafasi tupu chini ya sakafu, kiasi cha mita 2 kwa 1, ukubwa wa kaburi. Magazeti yalishangilia: mwanasayansi mwenye mashaka ameithibitisha hekaya.

Lakini alithibitisha nini? Kwamba upanga ni wa zamani. Kwamba mtu fulani wa karne ya 12 alikufa na mikono yake ikatunzwa. Aliyeuingiza upanga kwenye mwamba, na kwa mbinu gani, havimo katika unga wa chuma. Na kosa la mwenye mikono halimo katika kaboni.

Naandika hivi nikijua nina upande. Tangu nilipoisoma habari hii nimemhurumia mtu huyo, ambaye kwa karne nyingi ameitwa mwizi bila hata jina lake kutajwa. Mikono iliyokaushwa si kitu adimu katika makanisa ya Ulaya. Huko Praha, katika Basilika la Mtakatifu Yakobo, mkono mkavu umening'inizwa karibu na mlango. Wanasema ni wa mwizi aliyetaka vito vya sanamu ya Bikira Maria, sanamu ikamkamata na kumng'ang'ania hadi ikabidi akatwe. Budapest nako kuna mkono mkavu, wa kulia, nao hubebwa kwa maandamano kila tarehe 20 Agosti, askari wakiupigia saluti. Huo unaheshimiwa kama wa Mfalme Stefano, aliyefariki 1038 na kutangazwa mtakatifu 1083. Iweke mikono hiyo mezani bila kibandiko, uone kama utajua upi wa kubusiwa na upi wa kulaaniwa.

Mikono ya watakatifu ilikatwa, ikagawanywa, ikasafirishwa, ikavikwa fedha. Galgano mwenyewe hakupumzika mzima: kichwa kinachoheshimiwa kuwa chake kilitengwa na mwili na kutengenezewa sanduku la thamani. Sasa, katika kanisa la namna hiyo, kwa nini mikono miwili ya zama zake iwe lazima ya adui yake? Inawezekana ilikuja pale kama masalia ya mtu mwema, mkaapweke mwenzake pengine, kisha jina likapotea na hadithi ikajaza pengo kwa mwizi, kwa kuwa mwizi ndiye aliyekosekana. Inawezekana pia kwamba kweli aliiba, na mkono uliokata haukuwa wa mnyama. Adhabu ya kukatwa mkono ilijulikana vizuri katika mahakama za Ulaya ya wakati huo, na mbwa mwitu ni shahidi asiyeitwa mahakamani.

Maswali haya yanaweza kuulizwa mfupa wenyewe. Vinasaba vinaweza kueleza kama mikono yote miwili ni ya mtu mmoja. Alama ya jino na alama ya kisu hazifanani kwenye mfupa; mwenye darubini huzitofautisha. Tatizo ni ruhusa ya kulifungua tena lile sanduku, na sijui ni jibu gani wenye kanisa wangetaka litoke humo, kama ni la mwizi, la mtakatifu, au la mtu yeyote tu aliyekatwa mikono.