Brownie: Boksi Lililofundisha Dunia Kupiga Picha

Je, wajua kwamba kamera iliyowafungulia watu wa kawaida mlango wa upigaji picha ilikuwa boksi la kadibodi? Februari 1900, kampuni ya Eastman Kodak ya Rochester, Marekani, ilianza kuuza Brownie kwa dola 1, na filamu yake ya picha 6 kwa senti 15. Mwaka wa kwanza pekee ziliuzwa zaidi ya 100,000. Jina lilitokana na vibwengo wa hadithi za mchoraji Palmer Cox, zilizopendwa mno na watoto, na watoto ndio Kodak iliowalenga.

Fundi wake, Frank Brownell, aliiunda kwa vitu vichache: lenzi moja ndogo, kilango cha bati kinachofunguka na kujifunga kwa kusukuma kijiti, na ufunguo wa kuzungushia filamu. Haikuwa hata na kioo cha kuchungulia. Juu ya boksi ilichorwa mistari miwili iliyotanuka kuelekea mbele, na mpigaji alikisia kwa mistari hiyo nini kingeingia kwenye picha.

Uchache huo ulikuwa na faida yake. Kwa kuwa hakukuwa na cha kurekebisha, aliyetaka picha nzuri alilazimika kujirekebisha mwenyewe: asogee, arudi nyuma, angoje jua lihame, atulize mikono. Na kwa picha 6 tu, kila moja ilifikiriwa kabla ya kupigwa.

Mifano mitatu inaonyesha Brownie ilikofika. Aprili 1912, Bernice Palmer, msichana wa miaka 17, alikuwa ndani ya meli Carpathia ilipowaokoa manusura wa Titanic. Picha alizopiga kwa Brownie yake zimebaki kumbukumbu ya tukio lile. Mwaka 1916 Ansel Adams, akiwa na miaka 14, alipewa Brownie na wazazi wake walipozuru bonde la Yosemite, akaja kuwa bingwa wa picha za mandhari.

Mfano wa tatu ni wa kwetu. Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi aliyekulia Dar es Salaam, alianza na Brownie iliyokwisha tumika alipokuwa na miaka 11. Mwaka 1963 alianzisha kampuni ya Camerapix jijini Dar es Salaam, na mwaka 1984 picha zake za njaa kutoka Korem, Ethiopia, ziliitikisa dunia.

Somo la Brownie, kwamba uchache una faida, lingali na maana leo. Anayetafuta kamera ya kwanza hukaribishwa dukani kwa hesabu ya megapikseli, yaani mamilioni ya nukta zinazounda picha, na hapo ndipo wengi hupotezewa pesa. Megapikseli 12 zinatosha kabisa kuchapa ukurasa wa A4. Ukubwa wa sensa, yaani kipande cha ndani ya kamera kinachopokea mwanga, una uzito zaidi, hasa kwa anayetaka kupiga harusi za usiku, maana sensa kubwa hukusanya mwanga mwingi. Kamera ya mtumba inayomruhusu mtu kupanga mwanga mwenyewe, pamoja na lenzi moja ya milimita 50 isiyovuta karibu, humfundisha mwanafunzi kutembea kama Brownie ilivyofanya. Lenzi hizo ni nyepesi, hupitisha mwanga mwingi, na huwa miongoni mwa zile za bei nafuu.

Ila lenzi ya mtumba ikaguliwe, hasa katika miji ya pwani kama Mombasa, Tanga na Unguja. Hewa yenye unyevu huotesha kuvu ndani ya vioo. Mnunuzi afungue vifuniko vyote viwili, amulike tochi ya simu upande mmoja, achungulie upande wa pili. Akiona nyuzi nyembamba zilizosambaa mithili ya utando wa buibui, airudishe, kwani kusafisha kuvu ni kazi ya fundi, na kuvu lililokaa sana hula tabaka maalumu lililopakwa juu ya kioo na kuacha alama isiyofutika. Lenzi safi nayo ihifadhiwe ndani ya chombo chenye mfuniko unaobana, pamoja na vipakiti vya kunyonya unyevu, isifungiwe kwenye mkoba wa ngozi kabatini.