Ukimfanyia Mtoto Homuweki, Anayedanganywa Ni Mwalimu

Saa 2 usiku. Mama ndiyo kwanza anaingia kutoka kwenye biashara, ugali uko jikoni, na mtoto wa darasa la tatu ana maswali 10 ya hisabati hayajaguswa. Anasinzia. Dada yake wa sekondari anaitwa amsaidie. Dakika tano tu kazi imeisha, daftari linarudi kwenye begi, watu wanalala.

Kesho yake mwalimu anaweka vema 10 na kuandika "hongera". Ukija mtihani wa katikati ya muhula, mtoto yuleyule anapata maswali 3 kati ya 10. Mama anashangaa, mbona nyumbani huwa anapata yote?

Nyumbani hakupata yeye. Alipata dada.

Mwalimu anatoa kazi ya nyumbani ili aone nani ameelewa akiwa peke yake, bila kuchungulia kwa jirani wa dawati. Daftari lenye makosa linampa habari ya kweli: huyu amekwama hapa, kesho nirudie. Daftari lililojaa vema za dada linamwambia asonge mbele, na mtoto anabaki nyuma bila mtu kujua.

Tatizo hili haliko Tanzania tu. Kenya ilipoanza kutumia mtaala wa umilisi katika madarasa ya chini nchi nzima mwaka 2019, wazazi wengi walilalamika kwamba kazi wanazopewa watoto, hasa zile za kutengeneza vitu, zinawaangukia wao. Siku hizi hata dada hahitajiki. Simu inapiga picha swali na kuleta jibu. Matokeo ni yaleyale.

Sasa mzazi afanye nini? Aanze na kosa lenyewe.

Chukua swali hili: 42 kutoa 17. Mtoto ameandika 35. Wazazi wengi hapo hupandisha sauti, wanafuta na kumwambia aandike 25. Lakini ile 35 haikutoka hewani. Kwenye mamoja, juu kuna 2 na chini kuna 7. Mtoto ameona 2 haitoshi, akageuza: 7 kutoa 2 ni 5. Kwenye makumi, 4 kutoa 1 ni 3. Basi, 35.

Yaani ana kanuni yake: toa ndogo kwenye kubwa, popote ilipo. Na kanuni hiyo imewahi kumpa vema nyingi tu, kwa sababu kwenye 48 kutoa 15 inaleta 33, jibu sahihi kabisa. Kumtajia 25 hakugusi kanuni hiyo. Swali linalofuata likiwa 63 kutoa 28, ataandika 45, wakati jibu ni 35, na mzazi atasema mtoto hasikii.

Njia ya kuigundua kanuni ni kusema, "Hebu nionyeshe ulivyofanya," kisha kunyamaza. Kunyamaza ndiyo kazi ngumu. Mtoto akieleza hatua kwa hatua, mara nyingi kosa linajitokeza lenyewe, na wakati mwingine analiona yeye kabla ya mzazi. Hata jibu likiwa sahihi, inafaa kuuliza hivyohivyo, la sivyo mtoto atajua kwamba akiulizwa tu, amekosa.

Baada ya hapo, chomoa vijiti kwenye ufagio wa chelewa na kuvikata vipande 42. Funga mafungu manne ya kumikumi kwa uzi, viwili vibaki pembeni. Mwambie akupe 17. Atakupa fungu moja, kisha vile viwili, halafu atakwama, kwa sababu bado anadaiwa vitano na vilivyobaki vyote vimefungwa. Mwache ahangaike kidogo. Akifungua fungu moja mwenyewe, amefanya kile ambacho wengi walifundishwa kwa jina la "kukopa" bila kuelewa kinachokopwa ni nini. Akitoa vitano, anabaki na mafungu mawili na vijiti vitano. Ndiyo 25.

Vijiti hivyo visitupwe, vitatumika mwezi mzima.

Kwenye kusoma kuna mtego mwingine. Darasa la kwanza na la pili, ambako mkazo wa mtaala ni kusoma, kuandika na kuhesabu, wapo watoto wanaokariri ukurasa kwa kusikia wenzao. Anasoma kama maji, baba anafurahi, kumbe macho yako kwenye picha. Funika picha kwa mkono, mwonyeshe neno moja la katikati na umwambie asome hilo tu. Mzazi asiyejua kusoma naye anaweza kupima hili. Aweke alama ya penseli chini ya neno, aulize linasomekaje, kisha alirudie lilelile baada ya dakika chache. Majibu yakiwa mawili tofauti, mtoto anabahatisha.

Kuna na wale wanaolipa ada shule inayofundisha kwa Kiingereza wakati wao wenyewe lugha hiyo inawapiga chenga. Wengi hukaa mbali na daftari kwa aibu, na hakuna sababu. Mtoto aeleze kwa Kiswahili swali linataka nini. Akieleza vizuri, hesabu anaijua au anakaribia kuijua. Akishindwa kueleza, huenda shida ni lugha, wala si hesabu, na hilo mwalimu anatakiwa kulijua mapema.

Kuhusu muda, saa 2 usiku ni kuchelewa kwa mtoto aliyeamka alfajiri. Akitoka shule, ale, apumzike kidogo, afanye kukiwa bado na mwanga. Kama mzazi yuko kazini, maswali mawili au matatu yaachwe ya kumwonyesha jioni.

Na kofi? Mtoto anayeogopa haangalii daftari, anaangalia uso wa mzazi. "Thelathini?" Uso umekunjamana. "Ishirini?" Bado. "Ishirini na tano!" Uso umelegea, jibu limepatikana, na alichojifunza ni kumsoma mama.

Kuna siku vijiti vitapangwa, maelezo yatatolewa, na bado mtoto hataelewa. Akijaribu kwa nusu saa bila kusogea, inatosha, afunge daftari. Hapo mzazi achukue kalamu na kuandika chini ya kazi: "Mwalimu, amefanya manne mwenyewe. Kwenye kutoa kwa kukopa anakwama, naomba umwelekeze." Aweke sahihi na tarehe. Maswali sita yabaki wazi, na asubuhi mtoto aambiwe ampe mwalimu daftari hilo mkononi.