Uingiliaji wa Kimataifa Uliochelewa: Mauaji ya Kimbari ya Rwanda na Athari Zake Mkoani Kagera

Makala haya yanafafanua tofauti baina ya kuzuia mgogoro wa kikabila na kushughulikia athari zake, kwa kurejelea Rwanda ya mwaka 1994. Mkataba wa Amani wa Arusha ulitiwa saini tarehe 4 Agosti 1993, na Baraza la Usalama likaunda kikosi cha kusimamia utekelezaji wake, UNAMIR. Hata hivyo, tarehe 21 Aprili 1994, mauaji yakiwa yamepamba moto, Baraza hilo liliamua kukipunguza kikosi hadi watu 270 hivi. Wiki moja baadaye, wakimbizi wapatao 250,000 walivuka Rusumo na kuingia Ngara kwa muda wa takribani saa 24. Kwa mkazi wa Kamachumu, uamuzi wa New York haukuwa jambo la mbali tena: mzigo wake wa kuni, maji, ardhi na usalama uliuangukia mkoa wake. Mahakama iliyowekwa Arusha iliwaadhibu baadhi ya wahusika, lakini haikurejesha uhai. Makala yanahitimisha kuwa mkataba usio na kikosi chenye mamlaka na uwezo wa kuwalinda raia hauzuii mauaji, na kwamba jamii za mpakani zinastahili kusikilizwa mapema.