MUZEE ANAYESAHAU SI MULOZI

Pengine kwenu kuna muzee anayeuliza neno moja mara tano kwa saa moja. Amemaliza kula bukari, sahani haijaoshwa bado, naye analia kwamba mke wa mwanaye amemnyima chakula. Usiku anatoka kwenye lupango, anapotea njia, na jirani wanamkuta amesimama mlangoni kwao. Asubuhi mtaa mzima unasema: "Tumeshika mulozi!"

Ngojeni kwanza. Huyo ni mgonjwa.

Mwaka 1901, kule Frankfurt, Ujerumani, munganga Alois Alzheimer alipokea mama wa miaka 51 aliyeshindwa hata kuandika jina lake. Mama huyo alipokufa mwaka 1906, munganga alipima ubongo wake kwa mikroskopi. Akaona umesinyaa, una uchafu ulioganda na nyuzi zilizosokotana. Ndio ugonjwa tunaouita leo Alzheimer. Ugonjwa mwingine wa namna hii unatoka kwa mishipa ya damu ya ubongo inayozibika ao kupasuka, mara nyingi juu ya tansiyo.

Kwa Alzheimer, mambo mapya ndiyo yanapotea kwanza. Kwa hiyo muzee anakumbuka vizuri kapita wake wa kwanza kule mugodini, lakini hajui kama amekula leo. Akificha franga zake na kusahau mahali, anasema zimeibiwa. Hasemi uongo; kwake ni kweli.

MFANYE NINI?

1. Mpelekeni kwa munganga. Huzuni nyingi, kaswende ya zamani, upungufu wa vitamini ao dawa fulani vinaweza kuchafua akili, na vingine vinatibika. Akichanganyikiwa kwa ghafula, siku moja ao mbili, kimbieni siku ile ile: inaweza kuwa malaria ya ubongo. Alzheimer yenyewe haijapata dawa ya kuiponyesha.

2. Msibishane naye. Ale, aoge na kulala kwa saa zile zile kila siku. Usiku fungeni mlango wa lupango, funikeni kisima, ondoeni makaa.

3. Msimwachie mtu mmoja kazi yote. Mara nyingi ni binti ao mke wa mwana anayechoka peke yake. Mpokezane.

4. Maombi ni mazuri. Lakini kumfunga kamba, kumnyima chakula ao kumlazimisha aungame bulozi si maombi, ni kutesa mgonjwa. Na sisi wachungaji tusikubali jambo hilo lifanyike kanisani.

NA WEWE, BABA WA MUGODI

Mwaka 2024 wataalamu wa gazeti la waganga The Lancet walionyesha mambo 14 yanayoongeza hatari. Yakiondolewa yote, karibu wagonjwa 45 kwa 100 wangeepuka ugonjwa ao wangecheleweshwa kuupata. Kati yake ni tansiyo, kisukari, tumbaku, pombe nyingi, upweke, kutosoma shule, kuumia kichwa na kutosikia. Kelele ya mashine inaua masikio, basi ziba masikio kazini, vaa kofia ya kazi, pimisha tansiyo, punguza lutuku, na watoto wasome.

Ndugu msomaji, muzee wako akiuliza leo mara ya sita, umjibu mara ya sita kwa sauti ile ile ya kwanza. Na jirani wakija na fimbo, simama mlangoni uwaambie: "Baba yetu ni mgonjwa."