Kaseti ya Bibi na Tundu la Maikrofoni

Tangu tutoe kipindi cha barua za kaseti, wasikilizaji mnatuuliza jambo moja: mliiingizaje kaseti ya zamani kwenye mikisa ya podikasti, na sauti ikatoka safi vile? Tujibu hapa hapa, maana wengi wenu mna kaseti hizo nyumbani, kabatini kwa mama, ndani ya kopo la biskuti.

Kwa wadogo zetu wasiojua: simu ya kimataifa ilikuwa ghali, basi watu walikaa mbele ya redio kaseti, wakaongea upande A na upande B, halafu wakampa mkanda msafiri. Kaseti yetu ilitoka Tanga mwaka 1988. Bibi yake mgeni wetu anamsalimia binti yake, ambaye ndiyo kwanza alikuwa amefika Washington. Bibi ameshafariki, na sauti yake haipo mahali pengine popote. Mkanda mzee nao hauchezwi ovyo. Deki ikiutafuna, basi tena. Tulitaka kuucheza mara moja tu, na mara hiyo iwe nzuri.

Chumba chetu kiko Shaw, mwendo mfupi kwa miguu kutoka Howard Theatre, ukumbi uliofunguliwa mwaka 1910. Vifaa vyetu ni vya kawaida. Mikisa ina matundu manne ya maikrofoni na njia moja tu ya laini, na hiyo ilikuwa imeshachukuliwa na kompyuta: mama yake mgeni, ambaye siku hizi anaishi Houston, alikuwa mtandaoni akisubiri kusikiliza pamoja nasi. Kwa hiyo deki ilibidi ipite kwenye tundu la maikrofoni.

Sasa, plagi kuingia ni jambo moja, sauti kukubalika ni lingine. Maikrofoni hutoa umeme mdogo sana, milivolti chache tu. Deki ya nyumbani hutoa kama volti 0.3, yaani karibu mara mia zaidi. Kwa lugha ya mafundi, tofauti hiyo ni desibeli 40 hivi. Tundu la maikrofoni limejengwa kukuza kitu kidogo. Ukilipa kikubwa, sauti inapasuka pale pale mlangoni. Kushusha geini mpaka mwisho mara nyingi hakutoshi, kwa sababu hata hapo chini mikisa nyingi bado zinakuza. Na sauti ikishapasuka, hakuna programu ya kuirudisha ilivyokuwa. Dawa ni kuipunguza kabla haijaingia.

Anza na mikisa yenyewe. Kama ina swichi ya laini, au kitufe kilichoandikwa PAD, kibonyeze. Aghalabu kinapunguza desibeli 20 hivi, yaani volti zinagawanywa kwa kumi. Kama hakuna, nunua kipunguza sauti cha XLR, kile kidogo cha kuunganisha katikati ya waya. Cha desibeli 40 kinazishusha volti 0.3 za deki hadi milivolti 3, kipimo ambacho tundu la maikrofoni linakifahamu.

Sisi tulitumia DI boksi mbili zenye transfoma ndani, moja ya kushoto, moja ya kulia. Zinapunguza sauti, na pia zinakata ule mvumo wa umeme unaosikika vifaa vikiunganishwa. Faida nyingine ni kwamba transfoma inaizuia ile 48V ya maikrofoni isirudi kwenye deki. Kama unatumia kipunguza sauti cha kawaida, zima 48V kwanza. Angalia vizuri, maana kwenye mikisa ndogo kitufe kimoja mara nyingi huwasha matundu yote.

Kuna mtego mmoja zaidi. Mgeni alikuja na waya wa dukani: upande mmoja jeki ndogo ya stirio, upande wa pili XLR moja. Tuliujaribu kwa kaseti ya taarabu, na mwimbaji akatoweka, vikabaki vyombo vichache kwa mbali! Sababu ni hii: tundu la maikrofoni husikiliza tofauti kati ya nyaya mbili. Ukilipa kushoto kwenye waya mmoja na kulia kwenye mwingine, kila kilicho sawa pande zote mbili kinafutana. Na mtu anayeongea peke yake huwa sawa pande zote. Yaani waya ule ungemfuta bibi.

Vipimo vyote tulivifanya kwa kaseti ile ya taarabu, mpaka sauti za juu zikafika kama -12 kwenye mashine ya kurekodi. Ndipo tukaweka ya Tanga. Bibi akakohoa, akauliza, "Imeshaanza hii?" Houston kimya. Baadaye tukasikia mama anamwitikia, "Imeanza, mama."

Kama unayo moja nyumbani, usiijaribu kwenye deki iliyolala miaka ishirini. Mikanda ya mpira ndani yake hulegea. Ifanyie huduma kwanza, safisha hedi kwa spiriti, jaribu kwa kaseti usiyoijali. Halafu mpigie mzazi wako simu muisikilize pamoja. Yale majina yanayotajwa humo, nani mwingine atakuambia ni akina nani?